Myahudi Anayewatania Wake kwa Kiarabu

Januari 2022, Makan, kituo cha Kiarabu cha shirika la utangazaji la umma la Israeli, kilirusha wimbo mfupi katika kipindi chake cha kejeli, Shu Esmo. Mwimbaji alikuwa Noam Shuster-Eliassi, Myahudi, na wimbo uliitwa "Dubai, Dubai". Ukiusikiliza nusunusu ungedhani ni sifa tupu kwa mji wa raha na fedha. Ukitega sikio, unakuta mwiba: kumbe Waarabu wanaopendeza ni wale walio mbali, wenye mifuko mizito, na waliokwisha kuwasahau Wapalestina.

Haukupita muda, klipu ikatoka Israeli na kuzagaa mitandaoni katika nchi za Kiarabu. Watu wasiowahi kumsikia walibaki wakiulizana huyu ni nani, na Kiarabu hicho kakipata wapi.

Kuielewa kejeli yenyewe, turudi nyuma kidogo. Tarehe 15 Septemba 2020, Umoja wa Falme za Kiarabu na Bahrain zilitia saini jijini Washington makubaliano ya kuanzisha uhusiano rasmi na Israeli, yale yanayoitwa Makubaliano ya Abrahamu. Ndege za moja kwa moja zikaanza, na watalii wa Kiisraeli wakamiminika Dubai. Mji ambao mfanyabiashara wa Kariakoo anaujua kwa kontena na bei za jumla, kwao ukawa mahali pa kupigia picha na kusimulia jinsi Waarabu walivyo wakarimu. Mtu aliruka zaidi ya saa tatu kwenda kunywa kahawa na Mwarabu, na huenda hajawahi kukanyaga mji wa Waarabu ulio dakika ishirini kutoka nyumbani kwake. Hapo ndipo Noam alipochomeka sindano. Kwa upande mmoja iliwachoma Wayahudi wenzake, kwa upande mwingine iliwachoma watawala wa Kiarabu waliopeana mikono juu ya vichwa vya Wapalestina.

Kiarabu chake kina historia. Baba yake ana asili ya Romania na mama yake ni wa asili ya Iran. Wazazi hao walihamia na watoto wao katika kijiji chenye majina mawili, Neve Shalom kwa Kiebrania na Wahat al-Salam kwa Kiarabu, kilichoko juu ya kilima karibu na Latrun, kati ya Jerusalem na Tel Aviv. Kijiji hicho kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa juhudi za Bruno Hussar, padre wa shirika la Wadominiko aliyezaliwa Misri katika familia ya Kiyahudi. Familia za Kiyahudi na za Wapalestina raia wa Israeli huishi humo kwa hiari yao. Tangu 1984 kina shule ya msingi inayofundisha kwa lugha zote mbili. Watoto hucheza, hugombana na kupatana bila kusubiri mkalimani. Wageni mashuhuri wamefika kukitembelea, na mzaha wa Noam kuhusu kulelewa katika mahali pa maonyesho, mbele ya wageni wanaotamani kuona amani ikikimbia uwanjani kwa kaptula, umetokana na hayo.

Tusikipambe mno. Septemba 2020 moto uliteketeza sehemu ya Shule ya Amani ya kijiji hicho, na wanakijiji wakashuku kuwa umewashwa kwa makusudi.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana kinachoendelea hapa. Wanyamwezi na Wazaramo wana utani: mtani anaweza kuja msibani na kusema maneno ambayo mtu mwingine angeyasema, angetolewa kwa fimbo. Lakini ruhusa hiyo hairithiwi na kila mpita njia. Ina ujirani na mazoea ya miaka nyuma yake. Noam anapowatania Waarabu kwa lugha yao, wanasikia mtu aliyekua na watoto wao. Anapowageukia Wayahudi, hawawezi kumwambia nenda kwenu. Na kuongea Kiarabu hadharani, kwa Myahudi wa Israeli, si jambo dogo. Karibu raia mmoja kati ya watano nchini humo ni Mwarabu, lakini sheria iliyopitishwa na Bunge Julai 2018 ilikifanya Kiebrania kuwa lugha pekee ya taifa na kukishusha Kiarabu kutoka lugha rasmi hadi lugha yenye "hadhi maalumu". Mwaka mmoja tu baadaye, yeye alikuwa kwenye televisheni akitania kwa Kiarabu kwamba yuko tayari kuolewa na Mohammed bin Salman, mrithi wa ufalme wa Saudi Arabia. Klipu ile nayo ilivuka mipaka.

Hakuanzia jukwaani. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya amani katika mradi uliohusiana na Umoja wa Mataifa, ile kazi ya semina, vikao na kahawa ya mapumziko. Aliona kwamba kichekesho cha dakika moja kinafika kwa watu ambao kamwe wasingeitika mwaliko wa semina. Chuo Kikuu cha Harvard kilimwalika kuandaa onyesho lake la mtu mmoja, akaliita "Coexistence, My Ass!", jina lenye tusi la makusudi dhidi ya neno tamu la kuishi pamoja. Kisha ikaja korona. Akarudi Israeli, akaugua, akapelekwa katika hoteli moja ya Jerusalem iliyogeuzwa kituo cha karantini. Humo walijikuta pamoja Wayahudi wa dini kali, Wayahudi wasiojali dini, na Wapalestina, wote wakiwa na virusi vilevile. Noam akawafanyia vichekesho. Kijiji cha utotoni kilikuwa kimejijenga upya, safari hii kwa amri ya wizara ya afya.

Simu imembeba, na simu ina masharti yake. Mchekeshaji wa ukumbini ana dakika nzima ya kuizoea hadhira. Wa mtandaoni ana sekunde chache kabla kidole gumba hakijampitisha. Wengi hutazama bila sauti, kwa hiyo maandishi chini ya picha huwa sehemu ya kichekesho. Zaidi ya yote, ukumbini watu wameketi pamoja na wanajua nani anamcheka nani. Klipu humfikia mtu peke yake, Amman au Casablanca, bila utangulizi. "Dubai, Dubai" ilifaulu kwa sababu ilibeba muktadha wake ndani: lafudhi, mahadhi na kejeli vilikaa pamoja katika mwili mmoja, havikuhitaji mfasiri wala mtangazaji wa kufafanua.

Ucheshi wa Kiyahudi una sifa ya muda mrefu ya kujicheka. Katika vijiji vya Ulaya Mashariki, na baadaye katika hoteli za milima ya Catskills karibu na New York, ilikuwa silaha ya watu wasio na jeshi. Ndani ya Israeli mambo yamegeuka: Wayahudi ndio wengi, wana serikali na wana ndege za kivita. Mchekeshaji akiendelea kujifanya mnyonge wa zamani, kichekesho kinachacha. Naona hapo ndipo ustadi wa Noam ulipo. Desturi ya kujicheka ameishika, ila anayechekwa sasa ni mwenye nguvu, na mwenye nguvu huyo ni wa kwao.

Wengine hutumia zana hizohizo kuelekea upande mwingine. Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, lililoua watu wapatao 1,200, kipindi maarufu cha kejeli cha Israeli, Eretz Nehederet, kilianza kutoa michezo kwa Kiingereza ikiwadhihaki wanafunzi wa vyuo vya Marekani na shirika la BBC. Ilisambaa kwa kasi, na waliofurahia walikuwa Waisraeli na marafiki wao waliojiona wametetewa. Noam alibaki na kibarua kigumu zaidi: kuwaomboleza watu wake waliouawa na, wakati huohuo, kukataa vita vya Gaza vilivyoua Wapalestina makumi ya maelfu.

Safari hiyo imo katika filamu ya hali halisi yenye jina lile la onyesho, iliyoongozwa na Amber Fares, Mkanada wa asili ya Lebanoni aliyemfuata na kamera kwa takriban miaka mitano. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2025, ikapata tuzo maalumu ya majaji kwa uhuru wa kujieleza. Onyesho la jukwaani ndilo uti wa mgongo wake. Kila mara mzaha unapotolewa, filamu huondoka ukumbini kwenda kijijini, hotelini au barabarani kwenye maandamano, na mtazamaji aliyemjua Noam kwa klipu ya simu pekee huona kile kilichokatwa kabla na baada ya kicheko.