Changuu: Gereza Lililogeuka Karantini

Kisiwa cha Changuu kiko mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja, umbali wa kilomita 5 na ushei upande wa kaskazini-magharibi. Mgeni hupanda mashua ufukweni mwa mji na kufika huko baada ya nusu saa hivi. Kisiwa chenyewe ni kidogo: urefu wake wakaribia mita 800 na upana wake mita 230. Jina lake ni la samaki aina ya changu, apatikanaye kwa wingi katika maji hayo. Hata hivyo, wageni wengi hukijua kwa jina la Kisiwa cha Gereza, nao huondoka wakiamini kwamba wameona mahali palipofungwa wahalifu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jina hilo laficha kazi ya kweli ya kisiwa, na kwamba kuchanganya gereza na karantini ni jambo linalotuhusu hata sisi wa Kongo.

Tuanze na historia. Katika miaka ya 1860 kisiwa kilitumiwa kuwazuilia watumwa walioonekana wakaidi. Mwaka 1893 kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, kwa nia ya kujenga gereza. Jengo lilikamilika mwaka 1894, lakini halikupata kupokea wafungwa. Badala yake liligeuzwa kuwa mahali pa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza, hasa homa ya manjano.

Hofu ya maradhi ilikuwa na sababu. Unguja ilikuwa bandari kuu ya eneo zima, na katika karne ya 19 kipindupindu kilikuwa kimeipiga zaidi ya mara moja. James Christie, daktari aliyefanya kazi huko, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akieleza jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara ya biashara. Njia hizo ni zile zile zilizofika Ujiji, zikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Kwa hiyo njia zilizotuletea Kiswahili ndizo pia zilizoweza kupitisha maradhi.

Kazi ya kituo ilikuwa hivi. Watu wa merikebu iliyotiliwa shaka walishushwa kisiwani, wakaangaliwa kwa muda wa wiki moja hadi mbili, kisha wasioonyesha dalili wakaruhusiwa kuendelea na safari. Bahari ilifanya kazi ya ukuta. Kituo kilihudumia himaya za Waingereza katika Afrika ya Mashariki, si Unguja peke yake. Kwa kuwa wagonjwa hawakuwapo mwaka mzima, watu wa mjini walikwenda huko kupumzika. Kobe wakubwa wanaowavutia wageni siku hizi ni uzao wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Sasa tuyatazame maneno. Neno karantini lina asili yake katika lugha ya Venezia, na maana yake ni siku arobaini. Kifaransa quarantaine ni ndugu yake. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wageni kutoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30. Baadaye muda ulifikia 40. Mswahili haoni ugeni katika hesabu hiyo: mzazi hukaa arobaini, marehemu husomewa arobaini, na siku za mwizi ni arobaini. Lakini sayansi iliacha idadi moja kwa wote. Kanuni za afya za kimataifa za mwaka 1969 zilihesabu siku 6 kwa homa ya manjano na 5 kwa kipindupindu. Kwa Ebola, aliyemgusa mgonjwa huangaliwa siku 21.

Neno gereza, kwa upande wake, wataalamu wengi hulihusisha na Kireno igreja, yaani kanisa. Sisi huku husema boloko. Tofauti kati ya maneno haya mawili ni kubwa. Mfungwa hupewa siku zake na hakimu, kwa sababu ya kosa. Aliye karantini hupewa siku zake na tabia ya ugonjwa, naye hana kosa lolote.

Nchini kwetu tofauti hiyo haikuheshimiwa daima. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa kikoloni ulianzisha lazareti za wagonjwa wa malale, na wananchi waliziogopa kama boloko: waliona watu wakiingizwa kwa nguvu bila kujua watatoka lini. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, woga wa kupelekwa mahali pa kutengwa ulionekana tena, na watu zaidi ya 2.200 walikufa.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Kitenzi kutenga kina nyuso mbili. Chaweza kuwa kuweka kitu kando kwa uangalifu, na chaweza kuwa kumfukuza mtu katika jamaa yake. Mgonjwa anapoambiwa «utatengwa», ni vigumu kujua kama atasikia maana ya kwanza au ya pili. Tungependekeza aambiwe kwa maneno kamili: ataangaliwa, kwa siku ngapi, kwa sababu gani, na nani atamletea chakula.

Msomaji atakayebahatika kufika Changuu azitazame kuta za gereza lile, kisha aulize hospitali ilikuwa wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakalomweleza kisiwa.