Mpeleke mtoto shambani likizo hii, lakini jua saa ya kurudi

LIKIZO ya Juni ikifika, wazazi wengi wa mjini Ifakara hubaki na swali lile lile: watoto wafanye nini? Televisheni inachosha, simu inaharibu macho na ugomvi, na bembea za kukodi ni za sikukuu. Wakati huo huo, nusu saa kwa bodaboda kutoka Kibaoni au Viwanjasitini, bonde zima liko kwenye mavuno.

Ni jambo la kushangaza kidogo. Mji unaojulikana nchi nzima kwa mchele una watoto wanaojua mchele wa kwenye sadolini tu. Ukimuuliza mtoto wa darasa la tatu mpunga unatoka wapi, anaweza kukujibu, “Mashineni.” Hajakosea sana, maana mpunga ameuona ukiingia mashineni kwenye magunia. Ila kilichotangulia gunia hajakiona.

Nchi nyingine zina mashamba yaliyofunguliwa makusudi kwa familia: unalipa getini, mtoto analisha mbuzi, anachuma matunda, anapanda trekta na mnarudi nyumbani. Usiyatafute Kilombero mashamba ya namna hiyo. Huku geti ni salamu. Shamba ni la mjomba, la jirani, la mama unayenunua kwake matembele, na kinachotakiwa ni kupiga simu siku mbili kabla, kubeba sukari au sabuni, na kukubali kwamba mwenye shamba yuko kazini. Mara nyingi atafurahi. Mikono midogo inayotaka kubeba miganda haikataliwi.

Anza na mpunga, kwa kuwa ndio wenye msimu. Mvua kubwa za bondeni hukatika Mei, maji hupungua kwenye mbuga, na kuanzia hapo hadi Julai ni mavuno. Mtoto atakuta shughuli nzima kwa siku moja: mmoja anakata kwa mundu, mwingine anakusanya miganda, huku wengine wanapura juu ya turubai na kina mama wanapepeta upepo ukija. Mundu usiwe mikononi mwa mtoto mdogo, hilo halina mjadala. Kupepeta kwa ungo anaweza kujaribu, atamwaga, atachekwa, atajaribu tena.

Mtoto mkubwa mpe hesabu. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa vizuri hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele. Zilizobaki ni pumba na chenga. Mkipita mashineni wakati wa kurudi, aone zinavyotoka kila upande, na aulize nani anazichukua. Atagundua kwamba kuku wa jirani na mfuko wa mchele wa nyumbani wana ukoo.

Kitu kingine atakachokipenda ni dungu, kibanda cha juu ya miti ambacho mlinzi hukaa kuamia ndege. Kweleakwelea wakishuka kwenye mpunga unaokomaa, shamba linaweza kuliwa mbele ya macho ya mwenyewe. Kwa hiyo kuna kamba zenye makopo, kuna manati, kuna kelele kuanzia alfajiri. Kwa mtoto wa mjini huo ni mchezo.

Hapo mzazi anapaswa kuongea na mwanawe ukweli, kwa sababu huenda juu ya dungu atamkuta mtoto wa umri wake ambaye hajaja kucheza. Kilimo cha mpunga Kilombero kina desturi ya kuhama: mashamba mengi yako mbali na kijiji, na familia huhamia huko kwa wiki au miezi wakati wa kulima na kuamia. Wapo watoto wanaobaki kijijini na bibi wakaendelea na shule, na wapo wanaofuata wazazi shambani na shule ikawasubiri. Huko zahanati iko mbali, njia imejaa maji na mbu ni wengi.

Watafiti wa afya wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, maana Ifakara ni nyumbani kwa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanzia kwenye maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950. Mwaka 1997 ulianza hapa mradi wa KINET, uliouza kwa bei nafuu vyandarua vyenye dawa vilivyoitwa Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Na mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mwingine uliowafuata wakulima huko huko mashambani. Karibu watu wote waliohojiwa walisema wanalala ndani ya chandarua hata wakiwa kwenye vibanda vya shambani.

Nimeutaja utafiti huo kwa sababu mgeni wa siku moja huwa na dharau fulani kwa watu wa shambani, kana kwamba ndio wasiojua kujikinga. Mara nyingi wao wamebeba chandarua. Mgeni ndiye aliyekuja na kaptula na soda.

Mpunga ukishamtosha mtoto, elekeza safari kwenye barabara ya Kidatu, upande wa milima ya Udzungwa. Mang'ula na vijiji vya jirani vina kila kitu ndani ya mwendo mfupi: mpunga wa skimu za umwagiliaji kama Mkula na Msolwa Ujamaa, migomba, mafenesi, na kadiri unavyokaribia Kidatu, miwa. Miwa ni tamu kwa watoto, ila mashamba makubwa ya miwa si mahali pa kuzurura. Huchomwa moto kabla ya kuvunwa, na matrekta yenye matela marefu hayana breki za ghafla. Nunua miwa kwa mkulima mdogo, mkae kivulini, mtafune.

Upande wa pili wa Ifakara, kuelekea Mlimba, kuna Mbingu, ambako wakulima wadogo hulima kakao. Kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua kakao mbichi kwa wakulima hao tangu mwaka 2013 na kuivundika yenyewe kabla ya kuianika. Kwa mtoto, kakao ni maajabu. Tunda limeota kwenye shina la mti, halikuota kwenye matawi kama embe. Ukilipasua, mbegu zimefunikwa ute mweupe, na akiufyonza anakuta utamu wenye uchachu kama wa stafeli. Akitafuna mbegu yenyewe atatema, kwa kuwa ni chungu kabisa. Ladha ya chokoleti huja baada ya mbegu kuvundikwa siku kadhaa, kukaushwa na kukaangwa. Sijui somo gani la sayansi darasani linaweza kushindana na hilo.

Kwa wanaotaka kutembea, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ina makao yake makuu Mang'ula. Ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na sifa yake kubwa kwa familia ni kwamba hutembelewa kwa miguu, pamoja na mwongozaji. Wenye watoto wadogo wachague njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na geti. Njia ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, huchukua karibu nusu siku na ina mipando. Mtoto wa miaka 10 na kuendelea anaiweza akiwa na viatu vizuri na maji ya kutosha. Chini ya hapo utambeba mgongoni. Njiani kuna mbega mwekundu, na wakibahatika watamwona kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio.

Mashamba yanayopakana na hifadhi yana somo la peke yake: tembo. Usiku hushuka kula mpunga, mahindi na ndizi, na kwa familia inayotegemea ekari moja, usiku mmoja unatosha kumaliza mwaka. Baadhi ya wakulima wa Mang'ula wametundika mizinga ya nyuki kwenye uzio wa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka, kwani pamoja na ukubwa wake anaogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Watoto wataomba waone. Waone kwa mbali, bila mawe wala vijiti.

Sasa tuje kwenye mifugo, ambayo ndiyo watoto huulizia kwanza. Ng'ombe, mbuzi, kuku na bata wako kila kijiji, na ndama hakatai kupapaswa akiwa amezoea watu. Mwache mtoto ashike. Akimaliza, anawe kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kugusa kitu chochote cha kula. Kidumu cha lita 5 na kipande cha sabuni vinatosha kwa familia nzima, ilimradi mmevibeba.

Maziwa ni suala jingine. Ukarimu wa wafugaji ni kumpa mgeni maziwa, na mtoto atayapokea kwa mikono miwili. Yachemshwe kwanza. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vimelea vya brusela, ugonjwa wa homa za kupanda na kushuka, jasho na maumivu ya viungo, ambao watu hutibu malaria kwa wiki kadhaa bila kupona kwa kuwa hawakuwaza maziwa. Kuomba yachemshwe hakumvunjii mtu heshima. Sema tu, “Huyu tumbo lake halijazoea,” na jiko litawashwa.

Kuna pia homa ya mgunda, iliyotikisa Lindi mwaka 2022. Huenezwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, unaoingia kwenye maji na udongo, na vimelea hupenya pale ngozi ilipochubuka. Mashamba ya mpunga yana panya wengi. Mtoto mwenye kidonda mguuni avae viatu vilivyofunika, ikiwezekana buti za mvua. Buti hizo pia ni kinga dhidi ya nyoka, ambao hupenda miganda iliyolundikwa.

Maji ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi. Jua likiwa kali, mfereji wa umwagiliaji unaonekana kama bwawa la kuogelea, na hakuna mtoto asiyetaka kutumbukia. Kichocho huishi hapo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila maumivu ya kumshtua mtu. Baadaye ndipo mtoto anakojoa damu au anaumwa tumbo. Dawa ipo, prazikwanteli, ile ile inayogawiwa shuleni. Ila ikinywewa kesho yake haisaidii sana, kwani huua minyoo iliyokomaa. Mtoto akishatumbukia, mpeleke akapimwe baada ya wiki 6 au zaidi. Mtoni Kilombero ni marufuku kabisa, kwa sababu ya mamba na viboko. Mto mtautazama mkiwa juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na hapo unaweza kuwasimulia jinsi watu walivyokuwa wakisubiri pantoni.

Kuhusu kuchuma mboga na matunda, swali moja kwa mwenye shamba kabla ya kuingia: mmepuliza dawa lini? Bamia au nyanya iliyopulizwa jana haichumwi leo, na chupa tupu za viuatilifu zilizotupwa kando ya tuta si za kuchotea maji wala kuchezea. Bustani isiyopulizwa ni raha tupu. Mtoto anayekataa mchicha nyumbani ana nafasi kubwa zaidi ya kuula akiuchuma mwenyewe, na yeye ndiye atakayewahimiza wengine mezani.

Kisha saa ya kurudi. Mbu aina ya Anopheles arabiensis, wanaozaliana sana kwenye mashamba ya mpunga, huanza kuuma nje mapema jioni. Wale wa funestus, ambao tafiti za bondeni zimeonyesha ndio wanaoeneza sehemu kubwa ya malaria, huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, ndani ya nyumba. Kwa hiyo ziara ya mchana haina hatari kubwa ya malaria, ziara ya kulala inayo. Mnaorudi siku hiyo hiyo, ondokeni saa kumi jioni. Mnaolala kwa bibi, kila mtoto awe na chandarua chake au nafasi ndani ya cha mtu, na jioni avae mikono mirefu hata akilalamika joto.

Hili linawahusu zaidi wanaokuja kutoka Arusha, Dodoma au Dar es Salaam kwa likizo. Mtoto aliyekulia penye malaria kidogo hana kinga aliyojijengea binamu yake wa Namawala au Idete, na akiugua huweza kuzidiwa haraka. Dalili huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza, yaani mara nyingi mkiwa mmesharudi na safari imesahauliwa. Akipata homa ndani ya mwezi mmoja, apimwe siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe kwamba mtoto alikuwa Kilombero, alilala shambani, alikunywa nini na aliingia maji gani.

Jambo la mwisho ni pesa. Msichume bure. Fungu la bamia, mkungu wa ndizi, debe la mpunga, vilipwe kwa bei ya sokoni au juu yake kidogo, kwa kuwa mmekula pia muda wa mtu wakati wa mavuno. Picha za watoto wa shambani ziombwe kwa wazazi wao kwanza. Na kama kuna daftari na kalamu mlizonunua kwa ajili ya muhula ujao, nunueni seti moja zaidi kwa ajili ya yule wa kwenye dungu, mkabidhi mama yake.