Njia, kasri na ganzi ya ulimi

Nilipozuru Chengdu, nchini China, nilimsifia mwenyeji wangu hekalu lao la Kibuda. Alicheka kwa adabu. Qingyang Gong ni mahali pa Wadao, si pa Wabuda. Na hilo ndilo kosa ninalowakata wanafunzi alama kila muhula! Dao maana yake ni njia. Gong ni kasri. Neno letu "hekalu", tunalolibandika kwa kila dini ya mbali, linazificha zote mbili.

Mbele ya jumba kuu wamesimama mbuzi wawili wa shaba. Mmoja ana pembe moja tu, na husemwa kwamba viungo vyake vimetokana na wanyama wote 12 wa kalenda ya Kichina. Anayeumwa goti humpapasa mbuzi gotini, ndiyo maana wanang'aa vile.

Mchana tulikula mapo doufu: tofu laini ya soya, nyama ya kusaga na pilipili. Wenyeji hutenganisha la, yaani ukali, na ma. Hapa mfasiri wa Kiswahili hana shida, maana tunalo neno ganzi. Mimi nililipata mdomoni kabla ya kulikumbuka.