Jina Linapokatwa Mkia

Wiki hii nilifungua kanzidata ya PostgreSQL kwenye kompyuta yangu nikatengeneza jedwali la majaribio. Nililipa jina ambalo mtu mwangalifu angelitoa: malipo_ya_ada_za_wanafunzi_wa_shule_za_sekondari_za_kutwa_mkoa_wa_tanga. Ni jina refu, lakini linajieleza. Atakayekuja baada yangu hatahitaji kuuliza. Kisha nikatengeneza la pili, la mkoa wa Mtwara, kwa amri ileile, nikiweka na maneno IF NOT EXISTS, yaani tengeneza ikiwa halipo. Nikaingiza malipo matatu ya Tanga na mawili ya Mtwara. Nilipohesabu, jedwali la Tanga lilikuwa na malipo matano. La Mtwara nalo lilikuwa na matano. Lilikuwa jedwali moja.

Hesabu herufi za jina lile, pamoja na vistari vya chini, utaona kwamba herufi ya 63 ni kile kistari kinachofuata neno mkoa. PostgreSQL inahifadhi baiti 63 za jina, basi, na hapa kila herufi ni baiti moja. Kilichozidi kinakatwa. Kwa hiyo Tanga na Mtwara yote mawili yalianguka nje ya mstari, na yaliyobaki ni majina pacha yanayoishia kwenye mkoa_. Amri yangu ya pili ilikuta jina limeshachukuliwa, ikaruka kazi hiyo kama nilivyoiagiza, na malipo ya Mtwara yakaingia kwa Tanga bila kosa lolote. Kama ningeamuru jedwali la Mtwara lifutwe, na la Tanga lingekwenda nalo.

Nimefanya kazi ya kanzidata miaka mingi, na sijui tatizo dogo kuliko hili linaloweza kuharibu kazi kubwa namna hii. Ndiyo maana nataka tulitazame kwa karibu.

Kila kanzidata ina daftari lake la ndani, tunaloliita katalogi. Humo imeandikwa orodha ya majedwali yote, safu zake, fahirisi, watumiaji na ruhusa zao. Kwenye PostgreSQL katalogi yenyewe ni majedwali ya kawaida: pg_class inaorodhesha majedwali na fahirisi, pg_attribute inaorodhesha safu. Hata ukiuliza swali dogo kiasi gani, kabla seva haijagusa data yako inapitia kwanza daftari hili ili ijue unachokitaja ni kipi na kiko wapi.

Waliolijenga daftari hilo walitaka lisomeke haraka, wakalipa jina nafasi isiyobadilika, ambayo leo ni baiti 64. Baiti ya mwisho ni alama ya kuonyesha jina limeishia hapo, ndipo zinabaki 63. Katika kila mstari wa pg_class, baiti 4 za mwanzo ni namba ya utambulisho wa jedwali, na jina linashika baiti ya 5 hadi ya 68. Kitu kinachofuata kinaanza baiti ya 69, siku zote, liwe jina refu au fupi. Programu ya seva haina haja ya kutafuta jina limeishia wapi. Inanyoosha mkono moja kwa moja pale inapotaka, kama muuza duka anayejua chumvi iko rafu gani hata gizani.

Gharama yake ni kwamba safu inayoitwa id nayo inachukua baiti 64, mbili za herufi na nyingine zote sufuri. Chukua kanzidata yenye majedwali 1,000, kila moja safu 30. Hizo ni safu 30,000, na majina yake peke yake yanakula takriban megabaiti 1.9 ndani ya pg_attribute. Ukiongeza nafasi hadi baiti 128, zinakuwa 3.8. Kwenye diski hicho si kitu. Lakini kila muunganisho na seva unaweka nakala ya sehemu ya katalogi kwenye kumbukumbu yake, na seva yenye miunganisho mia kadhaa inazidisha hesabu hiyo. Hadi toleo la 7.3 lililotoka mwaka 2002, kikomo kilikuwa baiti 31.

Kuongeza kikomo kunawezekana, kwa shida. Kinaitwa NAMEDATALEN, na kimeandikwa ndani ya msimbo wa PostgreSQL wenyewe. Unabadilisha namba, unakompaili seva upya, unaanzisha hifadhi mpya tupu na kuhamishia data yako humo. Seva iliyokompailiwa kwa kipimo kimoja inakataa kabisa kuwaka juu ya data iliyoanzishwa kwa kipimo kingine, na viongezi vyake navyo lazima vikompailiwe kwa kipimo hichohicho. Anayekodi seva kwenye wingu hana mlango huo. Simshauri mtu yeyote kuufungua.

Viwango vya SQL vinazungumzia majina ya herufi 128, ila kila mtengenezaji alichora mpaka wake. SQL Server inakubali herufi 128. MySQL inakubali 64 kwa majedwali na safu. Oracle kwa miaka mingi ilibana kwenye baiti 30, hadi toleo la 12.2 lilipopandisha hadi 128. Waliokulia kwenye Oracle ya zamani utawatambua kwa majina yao: MLP_ADA_WNF_SEK, yasiyosomeka na mtu mwingine zaidi ya aliyeyatunga, na yeye mwenyewe kwa miezi sita tu.

Hata hivyo Oracle na MySQL zina sifa moja ninayoithamini kuliko ukubwa wa kikomo. Jina likizidi, zinakataa: kazi inasimama, unaona kosa, unalifupisha mwenyewe. PostgreSQL inatoa taarifa kwamba jina litafupishwa, kisha inaendelea. Kwa anayeandika amri kwa mkono taarifa hiyo inaonekana kwenye skrini. Lakini majedwali mengi siku hizi hayatengenezwi kwa mkono. Yanatengenezwa na programu usiku wa manane, na taarifa inaishia kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna alifunguaye. Naamini huo ni uamuzi mbaya. Jina lililokataliwa linakugharimu dakika tano, lililokatwa kimya linaweza kukugharimu mwezi mzima wa kutenganisha stakabadhi za watu.

Kinachonishangaza ni kwamba PostgreSQL yenyewe ikijitungia majina ina busara tele. Ukiunganisha safu ya shule_id ya jedwali la wanafunzi na jedwali la shule, kanuni ya uunganisho huo inaitwa wanafunzi_shule_id_fkey. Majina yakiwa marefu mno haikati mkia, kwa sababu mkia ndio unaosema hiki ni kitu gani. Inapunguza jina la jedwali na la safu, ikianza na lililo refu zaidi, na fkey inabaki. Likitokea pacha, inaongeza namba mwishoni. Busara hiyo haitolewi kwa majina yetu.

Nasi tunaoandika Kiswahili tuna sababu yetu ya kuwa macho. Lugha yetu inaunganisha maneno kwa ya, wa, za na cha, na jambo linalotofautisha huja mwishoni: mkoa upi, mwaka gani, kidato cha ngapi. Ndipo hasa panapokatwa. Kwa upande mwingine tuna bahati, kwani herufi zetu za Kilatini ni baiti moja moja. Anayetaja safu zake kwa herufi za Kiarabu katika UTF-8 anatumia baiti mbili kwa kila herufi, hivyo anapata herufi 31 tu. Kwa herufi za Kichina ni 21. Hata sisi tusijisahau: ng'ombe iliyoandikwa kwa alama iliyonyooka ni baiti 7, lakini ukiinakili kutoka kwenye waraka uliopindisha alama ile inakuwa 9, tena ni jina jingine kabisa machoni pa kanzidata.

Mimi siku hizi naiuliza seva kwanza. Amri ya SHOW max_identifier_length inajibu 63, na programu inayotunga majina ipime baiti zake, si herufi, kabla ya kuyatuma. Jina likizidi, ikatae, au ifanye kama mfumo wa Django, ambao unakata jina kisha unabandika mwishoni herufi nne zilizokokotolewa kutoka jina zima, ili pacha wasitokee kirahisi. Maelezo marefu nayaweka kwenye COMMENT, ambayo haibanwi na kikomo hiki. Na Tanga na Mtwara hazikustahili kuwa majina ya majedwali tangu mwanzo. Jedwali moja, malipo_ya_ada, lenye safu ya mkoa, lingetosha.

Kwa kanzidata ambayo tayari ipo, tafuta kwenye pg_class na pg_attribute majina yote yenye baiti 63 kamili, na kama unatumia herufi za baiti nyingi, angalia na ya 60 hadi 62. Jina la kawaida ni nadra kuangukia hapo kwa bahati. Ukilipata, usikimbilie kulibadilisha. Pekua kwanza msimbo wa programu, utafute jina refu la asili mahali pote lilipoandikwa. Ukibadilisha jina la jedwali huku programu ingali na ile amri ya tengeneza ikiwa halipo, itakapowashwa asubuhi itatafuta jina linaloishia na mkoa_, haitaliona, na itatengeneza jedwali jipya tupu kwa jina lilelile lililokatwa, kisha malipo ya siku hiyo yataanza kumiminika humo.