Mshale wa joto ukiwa katikati, usilale: kwa vijana mnaopeleka mzigo Kariakoo

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu. Tuongee kuhusu ule mshale mdogo wa joto la injini kwenye dashibodi, maana safari ya kwenda sokoni nayo ni kilimo. Nyanya zikikwama Jangwani saa tano asubuhi, jua linawaka, hakuna dawa ya shambani itakayokurudishia bei ya alfajiri.

Wengi wenu mmeanza na Kirikuu au Canter iliyokwishatumika. Nikiuliza hali ya injini, jibu ni lile lile: "Afisa, temperecha iko katikati, haijawahi kusogea." Jibu hilo linatosha nusu tu.

Mshale unasema nini hasa

Injini ikishapata moto hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 100 hivi za Selsiasi. Thamostati ya gari nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na feni ya umeme huwaka joto likikaribia 100. Kwa hiyo joto linapanda na kushuka safari nzima. Mshale ungefuata kila badiliko, watu wangeshinda kwa fundi bila sababu. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliutuliza: injini iwe 80 au 100, mshale unakaa pale pale katikati. Unaanza kupanda joto likishavuka kiwango, na hapo unapanda haraka.

Uchukulie kama mlinzi anayepiga kelele mwizi akiwa tayari uani. Kelele zake ni za kweli, ila muda wako umebaki mdogo. Gari kama Vitz na Passo nyingi hazina hata mshale: taa ya bluu ni injini ya baridi, nyekundu ni hatari.

Kuna hatari nyingine. Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakivuja yakaisha, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Mshale ukianguka ghafla wakati gari inatembea, simama uangalie. Inaweza kuwa waya tu, lakini usibahatishe.

Kwa nini gari inachemkia mjini

Kwenye Barabara ya Morogoro, gari ikiwa kwenye mwendo, upepo wenyewe unapoza rejeta. Ukishapita Magomeni, ukavuka Jangwani hadi Fire na kukunja Msimbazi, upepo umeisha. Kuna bajaji, maguta na mikokoteni, na wewe unasogea kidogo kidogo. Kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo angalia mshale unapanda wapi:

- Unapanda kwenye foleni, unashuka ukikimbia: anza na feni, fyuzi yake na waya zake. Kwa Canter, ambayo feni yake huzungushwa na injini, angalia pia mkanda.
- Unapanda mlimani au ukiwa na mzigo mzito: shuku rejeta iliyoziba, maji pungufu au wata pampu.
- Maji yanapungua bila kuona yanakovujia, na rejeta inatoa mapovu: gasketi ya silinda hedi ipimwe mapema.

Ukimweleza fundi wa Gerezani hivi, hatakubadilishia spea tatu kwa kubahatisha.

Ili uuamini mshale wako

1. Angalia maji kila asubuhi ya safari, injini ikiwa baridi.
2. Piga picha mshale gari ikishatembea dakika 20. Hapo ndipo nyumbani kwake. Ukihama hata kwa upana wa mshale wenyewe, tafuta sababu.
3. Kariakoo wanauza kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinaonyesha nyuzi halisi kwenye simu. Gari nyingine za zamani za Kijapani hazisomeki, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa.
4. Tumia kulanti. Maji ya kisima ya chumvi unajua yanavyoziba matundu ya dripu; rejeta nayo ina njia nyembamba vile vile.
5. Mfuniko wa rejeta una namba, kama 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha inayozuia maji kuchemka mapema. Ukinunua mwingine, nunua wa namba ile ile.

Ukipanda ukiwa katikati ya foleni

Zima AC, washa hita hadi mwisho na ufungue vioo. Utatoka jasho, lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta pembeni pa kusimama. Ukigusa nyekundu, zima injini hapo hapo. Ukilazimisha kufika sokoni unaweza kupinda hedi. Usifungue mfuniko mpaka hosi ya juu ya rejeta ishikike bila kukuunguza, na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto.

Wakati unasubiri, mpigie dalali wako na utafute gari ya kuhamishia mzigo. Nyanya zako bado zinauzika kama umesimama mapema.

Kesho, kabla tenga la kwanza halijapanda kwenye gari, angalia maji.