Theluji ya Milima ya Ikweta na Njia za Kuipanda
Sehemu ya Pili: Rwenzori

Theluji iliyo karibu zaidi na Bukoba haiko Kilimanjaro. Kutoka ufuko wa Bukoba hadi kilele cha Kibo ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari ulionyooka, ilhali milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, haifiki kilomita 300. Msafiri wa Bukoba au Muleba huvuka mpaka Mutukula, akapitia Masaka na Mbarara hadi Kasese, na kutoka hapo hafiki mbali kabla ya kukuta njia ya miguu inayoanzia Nyakalengija. Mkondo huo wa safari una historia yake. Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, na msafara uliotoka hapo mwaka uliofuata ndio uliomfikisha mwenzake, Franz Stuhlmann, kwenye miteremko ya magharibi ya Rwenzori. Mwezi Juni 1891 Stuhlmann alipanda bonde la Butagu hadi karibu mita 4,060, akaiona theluji juu yake asiifikie. Kilele cha juu kabisa, Margherita, chenye mita 5,109, kilipandwa tarehe 18 Juni 1906 na msafara wa Luigi Amedeo wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia.

Kwa nini theluji ikae karibu kabisa na mstari wa ikweta? Jibu linaweza kukokotolewa ukiwa umesimama ufukoni Bukoba. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,140 hivi, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 21. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6 katika kila mita 1,000 za kupanda. Basi joto lote hilo 21 huisha baada ya mita 3,500, yaani kwenye mwinuko wa mita 4,600 na ushei. Hakuna kilima cha Kagera kinachokaribia kimo hicho, ila vilele vya Rwenzori hukipita. Tone linaloanguka kama mvua mabondeni, juu ya kimo hicho huanguka likiwa theluji.

Majira nayo hayana kipupwe na kiangazi kama kule Ulaya. Joto la mwezi wa Januari na la Julai halitofautiani sana. Kinachobadilika ni maji. Ukanda wa mvua unaovuka ikweta mara mbili kwa mwaka huleta masika ya Machi hadi Mei, na huleta tena mvua kuanzia Agosti au Septemba hadi mapema Desemba. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wake wa mvua nyingi kupita yote. Wakati huohuo theluji hurundikana kwenye uwanda wa barafu wa mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita. Miezi inayopendekezwa kwa wapandaji ni kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti mwanzoni. Pendekezo hilo ni sahihi kwa kiasi tu, kwani Rwenzori hunyeshewa mwezi wowote.

Kipimo kilicho muhimu kuliko mwezi ni saa, na hapa mazoea ya mtu wa Ziwa Victoria humpotosha. Katika pwani ya magharibi ya ziwa, mvua nyingi huja alfajiri na asubuhi: usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu hupanda, kisha husukumwa na upepo wa mashariki kuelekea Bukoba na Muleba. Mchana kwa kawaida huwa mweupe. Mlimani mpango ni kinyume. Alfajiri mara nyingi vilele huwa wazi. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu hukwea mabonde, na kufikia adhuhuri ukungu umefunika kila kitu. Mtu aliyezoea kungoja mvua ya asubuhi ipite ndipo atoke, akifanya hivyo Rwenzori atakuwa ameingia kwenye theluji saa mbaya kuliko zote.

Siku za kwanza za njia hazina theluji, nazo hufahamika upesi kwa yeyote aliyewahi kushuka mgongo wa Kamachumu kuelekea ziwani wakati wa mvua: udongo mwekundu unaoteleza, mizizi, mawe yaliyolowa. Njia hupanda kutoka mita 1,600 na kitu Nyakalengija hadi kambi ya Nyabitaba, mita 2,650 hivi, kisha John Matte, zaidi ya mita 3,400. Baada ya hapo huja matope ya Bigo, ambako wapandaji huvaa gambuti na kupita juu ya njia za mbao, katikati ya lobelia na senesio ndefu kuliko mtu. Ziwa Bujuku liko karibu mita 4,000. Kutoka hapo mteremko huwa mkali kweli; ngazi zimefungwa mahali pengine, na karibu na pito la Scott Elliot, mita 4,372, mimea hubaki chini na miamba mitupu huanza hadi kambi ya Elena, mita 4,541.

Elena ndipo ujuzi wa theluji unapohitajika. Kambi iko karibu kabisa na ule mstari wa kuganda uliokokotolewa kutoka Bukoba, kwa hiyo hali hugeuka ndani ya siku moja. Jioni mvua hulowesha mabamba ya mwamba. Usiku maji hayo huganda yakawa utando mwembamba wa barafu usioonekana kwa mwanga wa tochi. Waongozaji huondoka kabla ya mapambazuko, na hatua za kwanza juu ya mabamba hayo huenda zikawa za hatari kuliko barafu yenyewe, maana vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu havipati cha kuuma, na soli tupu huteleza.

Kwenye uwanda wa Stanley, kuondoka mapema hulipa. Theluji iliyoloa jana imeganda ikawa gamba gumu linalobeba uzito wa mtu, na meno ya vyuma huingia vizuri. Saa chache baada ya jua kuchomoza gamba hulegea, mguu huzama hadi gotini, na theluji yenye maji hujaa kati ya meno ya vyuma hata yasishike tena. Theluji mpya ya masika ina hatari nyingine: hufunika nyufa za barafu kwa paa jembamba. Ndiyo sababu kundi hufungwa kamba moja, kila mtu akiacha nafasi kati yake na mwenzake, na anayetangulia hupima kwa sururu kabla ya kuweka uzito. Ukungu ukishuka, nyayo za kupandia huwa ndio ramani ya kurudia. Theluji ikianguka juu yake, ramani hiyo imefutika.

Hapa panahitaji kusemwa wazi jambo ambalo matangazo ya safari hulipita haraka. Miezi mikavu haimaanishi njia rahisi. Majuma kadhaa bila theluji mpya huacha barafu ya zamani ikiwa uchi, ngumu, ya kijivu, na juu ya mteremko wa barafu ya Margherita mtu akianguka hana cha kumpunguzia kasi. Theluji iliyotulia siku chache baada ya mvua kukoma humpa mpandaji mahali pa kukita mguu. Mgeni asiye na mazoezi ni salama zaidi juu ya theluji ya namna hiyo, ilimradi awe na kamba na mwongozaji, kuliko juu ya barafu tupu ya mwezi mkavu.

Kibo ni tofauti. Mvua nyingi ya Kilimanjaro huishia kwenye misitu ya mita 2,000 hadi 3,000, na kilele ni kikavu kama jangwa. Theluji ya masika huweza kudumu hadi Juni au Julai juu ya changarawe za kambi ya Barafu na ncha ya Gilman, kisha sehemu kubwa hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Huko usiku huchaguliwa kwa sababu baridi hushikamanisha changarawe, ambazo mchana huteleza chini ya kila hatua.

Kushuka Margherita hufuata kanuni ileile ya saa, ila miguu imechoka na shinikizo la hewa kileleni ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la usawa wa bahari. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika na kuyumba ni dalili za kushuka mara moja, hata kama kilele kinaonekana. Miwani ya giza nayo huvaliwa hata penye ukungu, kwa kuwa theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga na macho huungua bila mtu kuhisi hadi jioni.

Njia yenyewe inahama. Mwaka 1906 milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu yenye zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 2003 iliyobaki ilikuwa chini ya kilomita 1 ya mraba. Mahali palipokuwa na mteremko wa theluji pana ukuta wa mwamba, na ngazi na kamba zimefungwa kuunganisha uwanda wa Stanley na barafu iliyosalia juu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, hupandwa kwa kuongozwa, na waongozaji wengi ni Wakonzo wa vijiji vya chini ya mlima. Maelezo ya vitabu vya zamani kuhusu sehemu ya juu ya Elena hayatoshi tena. Kabla ya kuondoka kambini mpandaji huwauliza mambo matatu waliopita juu siku hiyohiyo au ya jana: theluji mpya ina kina gani, mabamba ya mwamba yameganda au la, na ngazi imefika barafuni au imeacha pengo.