Adungu, gitaa na sahani ya sombe: jioni moja Koboko mjini

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linaloleta maneno katika nyumba nyingi. Tangu mwaka 2023 mgao wa WFP unatolewa kwa makundi, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kwenye orodha. Sasa, mtu anayepima unga kwa kikombe, je, anaweza kweli kwenda mjini kula na kusikiliza muziki? Na kijana wako akishika gitaa, umnyang'anye ama umwache?

Jumamosi moja, baada ya posho ya mwezi, mimi na mwalimu mwenzangu tulienda Koboko mjini. Yeye alikuwa na sababu yake. Mdogo wake wa miaka 16 ametengeneza gitaa kwa galoni ya mafuta ya kupikia na nyaya za breki ya baiskeli. Baba yao amesema akilisikia tena atalitia jikoni liwe kuni. "Wanamuziki wote ni walevi," ndivyo mzee anavyosema. Mwenzangu alitaka kuona kwa macho yake kabla ya kumjibu baba.

Tuliingia hoteli ndogo, tukaagiza ugali wa muhogo, sombe na samaki mkavu. Mwenzangu akaanza kuhesabu kwa vidole: "Mwalimu, hii pesa ni miche mingapi ya sabuni?" Nikamwambia tule kwanza, chakula kinapoa.

Saa mbili usiku kundi likaanza. Walikuwa watu watano: adungu kubwa moja, adungu ndogo mbili, gitaa moja la umeme, na mwimbaji. Adungu ni kinubi cha ndugu zetu Waalur, ambao wako Uganda na pia upande wa Mahagi, Kongo. Kisanduku chake ni cha mti kilichofunikwa ngozi, shingo imepinda kama upinde, na nyuzi zimefungwa kutoka shingoni mpaka kwenye ngozi. Ile kubwa inapiga besi, zile ndogo zinaongoza wimbo. Baadaye wakageukia rumba. Kwanza maneno polepole, kisha sebene, pale gitaa linapokimbia na watu wanaacha viti. Mama mmoja aliyekuwa anauza sambusa aliweka beseni chini, akacheza mpaka mwisho, akaendelea na biashara yake.

Walipopumzika tulimsogelea mpiga besi, tukamwuliza kama kazi hii inalisha. Alituambia pesa ya usiku inagawanywa mafungu sita: matano ya watu, moja la petroli ya jenereta na nyuzi. Mchana anatengeneza simu. "Muziki peke yake haujanilisha hata siku moja," alisema, "ila umelipa karo ya binti yangu mihula miwili." Alikuwa anakunywa chai. Lakini siwezi kuficha: mmoja kati ya wale watano alikuwa amelewa. Wanne walikuwa kazini.

Hayo yote mwenzangu alimpelekea baba yake, pamoja na yule mlevi. Mzee bado hajasema ndiyo. Amesema atasikiliza wimbo mmoja, mchana, baada ya mitihani. Gitaa liko bado, halijaingia jikoni.

Wazazi, tukumbuke pia kwamba muziki ni mzigo ambao mtu anavuka nao mpaka bila kubeba kitu. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, akapiga muziki hapa Uganda miaka ya 1970, kisha akaenda Nairobi mwaka 1977, na huko akaanzisha Orchestra Virunga. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili juu ya shida za watu maskini, na alipofariki mwaka 2010 Watanzania walimlilia kama mtoto wao. Na Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kumbe kitu tunachokiita cha walevi, dunia imekiheshimu.

Simwambii mtu auze unga akanunue tikiti. Kama hakuna, hakuna. Lakini kama kuna kidogo, tupange vizuri:

Kwanza, toa chakula na sabuni ya nyumbani, kinachobaki ndicho cha matembezi.

Pili, watoto wasibaki peke yao usiku. Ongea na jirani mapema.

Tatu, beba kitambulisho chako, na patana na mtu wa bodaboda bei ya kwenda na kurudi kabla ya giza.

Nne, kijana anayependa muziki asifiche. Masomo kwanza, gitaa baadaye, na mtu mzima amsindikize anapoenda kupiga. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na kupiga muziki ni kazi. Kwa hiyo akialikwa kwenye harusi, aulize malipo kabla ya kufunga nyuzi.

Na wewe mzazi, kabla ya kukataa, kaa chini usikilize wimbo mmoja mpaka mwisho.